Usukani wa Kwanza wa Gemu za Mbio: Tazama Meno ya Gia na Breki Kabla ya Ngozi

Usukani wa gemu una kazi moja ambayo pedi ya kawaida haiwezi kuifanya: kumjulisha dereva, kupitia viganja vyake, matairi ya mbele yamebakiza mshiko kiasi gani. Mengine yote, ngozi iliyoshonwa kwa mkono, taa za mizunguko ya injini, vitufe vya rangirangi, ni mapambo. Mnunuzi wa mara ya kwanza huoneshwa mapambo kwanza kwa sababu ndiyo yanayovutia kwenye picha. Hapa nataka tuingie ndani ya boksi, tuone kazi ile moja inafanywaje, kisha ndipo tuzungumzie fedha. Mfano wangu mkuu ni Logitech G29, usukani uliotoka mwaka 2015 kwa bei ya dola 400 za Marekani, ambao kwa madereva wengi wa gemu umekuwa mlango wa kuingilia.

Tuanze na gari halisi. Unapokata kona, tairi la mbele halielekei sawasawa kule gari linakokwenda. Hupishana na njia hiyo kwa nyuzi chache, na mpira unaogusa lami hupindika. Nguvu inayolivuta gari kuingia kona haitokei katikati ya kile kipande cha mpira kilichogusa lami, hutokea nyuma yake kidogo. Umbali huo mdogo ndio unaolifanya tairi litake kujinyoosha, na ni sababu mojawapo ya usukani kurudi katikati wenyewe ukiuachia. Sasa tairi likikaribia mwisho wa mshiko wake, sehemu ya nyuma ya kipande kile cha mpira huanza kuteleza, umbali ule hupungua, na usukani huwa mwepesi. Huwa mwepesi kabla tairi halijaachia kabisa. Dereva wa mbio anaishi ndani ya nafasi hiyo nyembamba. Wepesi ule ndio unaomwonya asizidi kukunja, bali arudishe mikono kidogo, maana gari linakaribia kukataa kona.

Gemu zinazojali mambo haya, kama Assetto Corsa, iRacing au Gran Turismo 7, hukokotoa nguvu hizo mara nyingi sana kila sekunde. Kisha hutuma kwa usukani namba moja tu: zungusha kwa nguvu kiasi hiki, kushoto au kulia. Hakuna ujumbe unaosema tairi linateleza. Kuna namba inayopanda na kushuka, na mota iliyomo ndani ya usukani ina kazi ya kuigeuza iwe nguvu. Kwa hiyo swali la mnunuzi linakuwa jepesi kulisema: namba ikiondoka kwenye gemu ikiwa safi, kiasi gani kinapotea kabla haijafika mikononi?

Ndani ya G29 kuna mota mbili ndogo za umeme. Kila moja ina gia ndogo kwenye ncha yake, na zote mbili zinasukuma gia moja kubwa iliyofungwa kwenye mhimili wa usukani. Mota ndogo huzunguka haraka lakini haina nguvu; gia hupunguza mwendo na kuongeza nguvu, ujanja uleule wa gia ya kwanza kwenye gari. Matokeo yake ni kama nyutoni-mita 2 na ushee. Kwa kipimo ambacho mkono unakielewa, ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo moja na nusu hivi kwenye ukingo wa usukani. Si nyingi, lakini inatosha kueleza jambo.

Mpangilio huu haukubuniwa 2015. Logitech walitoa GT Force mwaka 2001, sambamba na Gran Turismo 3. Driving Force Pro, iliyotengenezwa kwa ajili ya Gran Turismo 4, ikaleta mzunguko wa nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, unaokaribia ule wa gari la kawaida la barabarani. G25 ya mwaka 2006 ikaja na mota mbili, pedeli tatu na gia ya mkono. Meno ya gia zake za ndani yalikatwa wima, na yalipiga kelele. Kwenye G27 wahandisi waliyakata kwa mshazari, ili jino moja lianze kubeba kazi kabla jirani yake hajaitua, na kelele zikapungua. G29 imerithi meno hayo ya mshazari, ila gia ya mkono sasa inauzwa peke yake. Unaponunua G29, kwa hiyo, unanunua ufundi uliokuwa umekomaa kwa takriban miaka kumi ilipotoka. Ni mtambo wa zamani, na uzamani huo ndio unaofanya uimara wake ujulikane na matengenezo yake yawe rahisi.

Udhaifu wake upo hapohapo kwenye meno. Kati ya jino na jino lazima kuwe na upenyo, vinginevyo gia zingekwama. Upenyo huo ni pleyi, ileile ambayo fundi huitafuta kwenye usukani wa gari lililochoka. Nguvu ikigeuka ghafla kutoka kushoto kwenda kulia, meno husafiri upenyo huo kabla ya kugusana tena, na unasikia mlio wa tak-tak-tak kila unapopanda matuta ya pembeni ya njia. Mlio unavumilika. Kinachoumiza zaidi ni msuguano. Nguvu ndogo kabisa, zile zinazoeleza kwamba gari limeanza tu kuegemea upande, hazitoshi kuzungusha mota na gia zake, kwa hiyo haziifikii mikono. Karibu na katikati, kwenye barabara iliyonyooka, usukani unakuwa kama umelala.

Dawa ipo, na haigharimu chochote. Assetto Corsa ina kipengele cha nguvu ya chini kabisa, kinachopandisha kila namba ndogo hadi kufikia kiwango kinachoweza kuushinda msuguano. Kipandishe polepole hadi usukani uanze kutetemeka wenyewe ukiwa katikati, halafu kirudishe nyuma kidogo mpaka utulie. Kwa usukani wa meno ya gia hili ni la lazima, na ninaamini sehemu ya sifa mbaya ya G29 imetoka kwa watu ambao hawakuwahi kuligusa.

Marekebisho ya pili ni muhimu zaidi, na yanakwenda kinyume na matamanio ya anayeanza. Usukani ukiwa na nguvu ndogo, mtu hushawishika kuweka nguvu kwenye asilimia mia, akitumaini kupata uhalisia wote. Tazama kinachotokea. Tuseme kona ya kasi inadai nyutoni-mita 4 na mota ina uwezo wa 2 tu. Mota itatoa 2. Kona inayofuata inadai 3; mota itatoa 2 ileile. Kona mbili zenye uzito tofauti zinafika mikononi zikiwa sawa. Na ule wepesi wa tairi linalokaribia kuachia, nguvu inaposhuka kutoka 4 hadi 3, haupo kabisa: mikono inaendelea kuhisi 2 kana kwamba hakuna kilichobadilika, hadi gari linapokuwa tayari limekataa kona. Taarifa yenye thamani kuliko zote imekatwa mahali hasa ilipohitajika. Punguza nguvu kwenye gemu mpaka kona nzito kabisa ya njia yako iwe ndiyo inayogusa kikomo cha mota, nyingine zote zibaki chini yake. Assetto Corsa inaonesha mstari unaogeuka mwekundu nguvu inapokatwa. Uutazame ukiwa kwenye kona ndefu za kasi, kisha urekebishe. Usukani utahisika mwepesi kuliko ulivyotaka, lakini utaanza kusema kweli.

Ukiielewa hesabu hii, unaelewa pia fedha za ziada zinanunua nini. Nguvu kubwa haikusudiwi kukuchosha mabega. Inaongeza nafasi kati ya nguvu ndogo inayohisika na kubwa isiyokatwa, na ndani ya nafasi hiyo ndimo taarifa zinamokaa. Thrustmaster T300RS ya mwaka 2014 iliweka mikanda badala ya meno ya gia, ikiendeshwa na mota isiyo na brashi, na kufikia karibu nyutoni-mita 4. Mkanda hauna pleyi wala mlio. Usukani unateleza kwa ulaini, na katikati hapalali. Gharama yake ni kwamba mpira wa mkanda hunyumbuka kidogo na kuzifanya butu zile ncha kali za matuta na mashimo. Kati ya sukani za gia na za mkanda kuna zile za mchanganyiko, kama T150 na T248 za kampuni hiyohiyo. Hizo zinakaa pia katikati kwa hisia, na sina la kuongeza juu yake.

Mabadiliko ya kweli ni mota ya moja kwa moja. Hapo hakuna gia wala mkanda: mhimili wa mota ndio mhimili wa usukani. Kwa miaka mingi mtambo wa aina hii ulikuwa wa watu wenye fedha za kuchezea, hadi Fanatec walipotoa CSL DD mwaka 2021 yenye nyutoni-mita 5, na Moza wakafuata mwaka 2022 na R5 yenye 5.5, ikiuzwa pamoja na usukani wenyewe na pedeli. Nyutoni-mita 5 ni kama kilo tatu na nusu kwenye ukingo, zaidi ya mara mbili ya G29, tena bila pleyi na bila sehemu iliyolala. Kwa anayeanza inatosha na kubaki. Zipo mota za 8, 9 na 11, lakini nguvu ya namna hiyo mikononi mwa mtu ambaye bado anagonga ukuta mara kwa mara inaweza kumtegua kidole gumba.

Upande wa chini kabisa wa soko kuna sukani zisizo na mota. Thrustmaster T80 hurudishwa katikati na kamba ya mpira na huzunguka nyuzi 240; Hori Apex huzunguka 270. Hizi haziwezi kukwambia lolote kuhusu tairi, kwa sababu kamba ya mpira inavuta vilevile gari likiwa na mshiko au likiwa hewani. Zaidi ya hapo, inafundisha uongo: kadiri unavyokunja ndivyo inavyokuwa nzito, wakati usukani wa gari halisi linalokataa kona unakuwa mwepesi. Mtoto anayetaka kufurahi na gemu za kawaida atafurahi. Anayetaka kujifunza kuendesha asinunue.

Sasa mguu, ambako ndiko muda mwingi wa mzunguko hupatikana au hupotea. Pedeli za G29 zinapima umbali. Kila moja ina kipimio cha umeme kinachozunguka nayo, na gemu inasoma pedeli imeshuka kiasi gani. Kwa mafuta hilo ni sawa. Kwa breki ni shida, kwa kuwa mguu wa binadamu haujui vizuri umeshuka sentimita ngapi, ila unajua vizuri sana unasukuma kwa nguvu gani. Kwenye gari halisi pedeli ya breki hushuka kidogo, inakuwa ngumu, na baada ya hapo gari linapunguza mwendo kulingana na nguvu ya mguu. Logitech walijaribu kuiga ugumu huo kwa kuweka kipande cha mpira ndani ya springi ya breki ya G29. Wengi walilalamika kwamba ni ngumu mno na kukitoa. Nashauri ukiache: bila hicho kipande hakuna kinachouambia mguu umefika wapi.

Jibu kamili ni breki yenye kihisi cha nguvu. Ndani yake kuna kipande cha chuma kilichobandikwa utando mwembamba wa metali. Ukikanyaga, chuma kinapinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, utando unavutika, ukinzani wake wa umeme unabadilika, na badiliko hilo linasomwa kama nguvu. Umbali hauhusiki tena. Faida yake huonekana pale unapoachia breki kuliko unapoikanyaga. Dereva mzuri hukanyaga kwa nguvu kabla ya kona, kisha huachia taratibu huku akiingia, ili uzito wa gari ubaki juu ya matairi ya mbele yanapoanza kukata. Kurudia mwachio huo mzunguko baada ya mzunguko kwa breki ya umbali ni kazi ngumu. Kwa breki ya nguvu, mguu unaukariri. Thrustmaster wana T-LCM, iliyotoka 2020; Fanatec na Moza nao wana zao.

Kwenye kompyuta unaweza kununua pedeli za kampuni nyingine na kuzichomeka kwa waya wake wa USB, bila kujali usukani ni wa nani. Kwenye PlayStation na Xbox kwa kawaida pedeli lazima zipitie kwenye usukani, na usukani lazima uzikubali. Kwa hiyo mwenye kompyuta anaweza kuanza na G29 leo na kuongeza breki nzuri mwakani. Mwenye PlayStation achague tangu mwanzo familia ya vifaa ambayo ina breki hiyo. Hili lina uzito kuliko tofauti ya nyutoni-mita moja huku au kule. Ukiwa na fedha ya kuboresha kitu kimoja tu, boresha breki kabla ya mota.

Na usisahau kwamba G29 na G920 zinafanana kwa ndani, lakini ya kwanza inafanya kazi na PlayStation na kompyuta, ya pili na Xbox na kompyuta. Hazibadilishani. G923 ya mwaka 2020 nayo ina matoleo mawili kwa mpango huohuo. Soma boksi.

Gemu unayoipenda nayo ina sauti katika uchaguzi. Safari Rally ya Kenya iliingizwa kwenye gemu ya WRC 9 mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya mashindano yenyewe kurejea kwenye kalenda ya dunia huko Naivasha, na imo pia kwenye EA Sports WRC ya 2023. Kwenye vumbi na mchanga ule matairi ya mbele hayana mshiko mwingi wa kusimulia. Usukani ni mwepesi muda wote, na kazi ya mikono ni kurudisha gari haraka mkia unapotoka. Punguza mzunguko hadi nyuzi 540 hivi. Hapo mota ya moja kwa moja inafaa zaidi kwa wepesi wake wa kugeuka kuliko kwa nguvu zake. Kinyume chake, mpenzi wa malori kwenye Euro Truck Simulator 2 anahitaji nyuzi 900 kamili ili kona za mjini na kurudi nyuma na tela viwe na maana, na nguvu kubwa haimsaidii sana. Kwake G29 si hatua ya kuanzia tu, inaweza kuwa ya kudumu.

Mota ya nyutoni-mita 5 na breki ngumu vinahitaji kitu cha kushikia. Meza ya mbao nyepesi itatikisika, na mtikisiko huo unakula zile taarifa ndogo ulizozilipia. Kiti cha magurudumu kitakimbia nyuma kila ukikanyaga breki. Kiti cha miguu minne kilichoegemezwa ukutani kinashinda kiti cha bei mbaya chenye magurudumu. Pedeli nazo ziegemezwe ukutani au kwenye ubao uliofungwa kwenye meza.

Kwa bei za huku kwetu, wengi watanunua kilichotumika, na sioni ubaya. Omba kichomekwe mbele yako. G29 iliyo nzima, ikipata umeme na USB, hujizungusha yenyewe hadi mwisho wa kila upande na kurudi katikati. Isipofanya hivyo, ondoka. Hakikisha adapta yake ipo, kwa kuwa bila hiyo mota hazifanyi kazi, na usome maandishi yake: kifaa kilichotoka nchi yenye umeme mdogo kinapaswa kuandikwa 100–240V ndipo ukichomeke hapa. Shika usukani, uusukume huku na huku kidogo katikati: pleyi ndogo ni ya kuzaliwa, ila mkwaruzo au mruko ni jino lililovunjika. Kagua pini za plagi ya pedeli, hupinda kirahisi. Mwisho fungua ukurasa wa vidhibiti vya gemu kwenye Windows, kanyaga kila pedeli polepole na utazame mstari wake. Ukirukaruka, mara nyingi ni vumbi kwenye kipimio, jambo la kusafisha, nawe una haki ya kupunguziwa bei.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye kompyuta na fedha ya kutosha anunue mota ya moja kwa moja ya nyutoni-mita 5, pamoja na breki ya kihisi cha nguvu, na asitafute zaidi kwa sasa. Asiyefika huko achukue G29 au G920 iliyokaguliwa, aifunge kwenye meza isiyotikisika, arekebishe nguvu ya chini na kikomo cha mota kabla ya kulalamika, kisha aweke akiba ya breki. Na ambaye fedha yake inaishia kwenye usukani wa kamba ya mpira, abaki na pedi yake hadi atakapoweza kununua wenye mota.